Paa la Mkwe Lililokunjwa

Wenzangu wa sokoni, nimesikia. Nimesikia kwamba mume wangu Baba Wanjiru amenifukuza, kwamba nalala uani kwenye hema kama mlinzi wa mahindi, na kwamba mmoja wenu (simtaji, anajijua) ameshaanza kunitafutia chumba cha kupanga karibu na stendi. Asanteni kwa huruma. Lakini kila mmoja akinisimamisha kuuliza kilichotokea, nakaukiwa na mate kabla sijauza hata sweta moja. Kwa hiyo nimeandika yote mara moja. Someaneni, kisha mniache nifanye biashara.

Kwanza mjue jambo moja, hasa ninyi msiotoka kwetu. Kwetu Wabukusu, mama halali chini ya paa la mume wa binti yake, hata kama kunanyesha mawe. Nimeolewa, nimezaa, watoto wangu wako sekondari, na mama yangu hajawahi kulala kwangu hata usiku mmoja. Huja Kitale asubuhi, huketi uani, hunywa chai, hucheka na wajukuu, na ikifika saa kumi nauona mkono wake ukitafuta viatu. Mimi ningali katikati ya hadithi, yeye anatafuta viatu. Nilizoea, lakini sikuwahi kupenda.

Sasa ni macho. Jicho lake la kushoto liliziba kitambo, na la kulia limeanza kuingia ukungu. Daktari wa hapa Kitale alisema linaweza kupasuliwa akaona tena, ila akae karibu kwa wiki kadhaa atiwe dawa na kuangaliwa. Ndugu zangu wako Nairobi. Nilipomtajia mama chumba cha kupanga aliniuliza kama yeye ni mtu asiyezaa. Baba Wanjiru, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, hakuelewa kabisa. Aliniuliza nyumba yetu ina kasoro gani. Nikamwambia haina kasoro, ila ina yeye.

Ndiye aliyewaza hema. Alisema hema si nyumba, halina msingi wala bati, kwa hiyo mama anaweza kulala humo bila kuvunja mwiko wa mtu. Siku hiyo nilimwona ana akili kuliko wanaume wote wa Trans-Nzoia.

Kitale: tunalala sakafuni dukani

Tulienda kwa muuzaji mmoja nyuma ya soko, yule anayenunua vitu vilivyotumiwa na watalii wa Mlima Elgon. Alituonyesha kwanza kihema cha nailoni cha rangi ya chungwa, kinachokunjika hadi kuingia kikapuni. Akasema ni cha watu wawili. Nikamwambia Baba Wanjiru tuingie tulale tuone. Tuliingia kwa magoti. Kiwiko chake kilikuwa kwenye mbavu zangu na tumbo lake lilikuwa linasukuma ukuta. Nikiwa humo humo nikamwuliza muuzaji hao watu wawili walikuwa wanapendana kiasi gani.

Mimi nilijua ninachotaka. Nilitaka hema ambalo mama atasimama wima na kufunga kitambaa chake kichwani, kwa sababu mwanamke wa umri wake haingii nyumbani kwake akitambaa kama mtoto. Nilitaka liingie vitanda viwili visivyogusana, kimoja chake na kimoja changu, maana dawa ya macho hutiwa hata alfajiri. Kati ya vitanda pabaki nafasi ya kigoda na beseni, na mlango uwe mpana, wa kupatikana kwa kupapasa.

Hema la namna hiyo lilikuwa moja tu, limelazwa chini ya magunia. Lilikuwa la turubai zito la rangi ya majani makavu, lenye nguzo mbili za mbao na boriti ya juu, na lilinuka nta na panya. Tukalisimamisha nyuma ya duka. Nikaketi ndani na Baba Wanjiru akalimwagia mtungi mzima wa maji. Halikuvuja. Muuzaji akatuonya kwamba turubai likilowa usiliguse kwa ndani, litaanza kudondosha pale ulipogusa. Baba Wanjiru akaingia na kuligusa pale pale, akitaka kuona kama ni kweli. Tone likaniangukia utosini. Ndivyo waume walivyo.

Akalipa, tukabeba. Kumbukeni kwamba yeye ndiye aliyelipa.

Nilipopiga simu kwa jirani wa mama kule Kanduyi, mama alipewa simu akasema hapandi gari lolote kabla hajapapasa kwa mikono yake pale atakapolala. Kwa hiyo ikabidi hema liende Kanduyi, kisha lirudi Kitale. Baba Wanjiru akauliza kama hatungeweza kumtumia picha. Nikamwangalia. Akakumbuka habari ya macho, akaenda kutafuta kamba.

Kitale hadi Kamukuywa

Hakuna gari la abiria lililokubali mzigo ule. Mwishowe nilipata lori la mahindi lililokuwa likienda Bungoma. Dereva, kijana mwenye ndevu chache aitwaye Wafula, alikuwa amekwisha kuniambia hana nafasi. Kisha akaona nguzo na turubai, akaniuliza napeleka wapi.

"Nampelekea mama," nikasema. "Kanduyi."

Akavua kofia. Akasema pole sana, akaninyang'anya mzigo na kuufunga mwenyewe juu ya magunia, akanipangusia kiti cha mbele. Nilipouliza nauli akageuza uso. Nilidhani pole ile ni ya uzito wa turubai. Nikamsifu moyoni, nikasema kumbe bado kuna vijana waliolelewa.

Njia nzima hakuwasha redio. Mimi napenda redio, lakini gari si langu. Kiminini alisimama kupakia magunia mengine, tukakaa hapo hadi jua likawa la utosi, na kila aliyekuja dirishani Wafula alimnong'oneza jambo, kisha mtu yule ananitazama kwa upole na kuondoka. Mmoja aliniletea soda. Nilianza kujiuliza kama uso wangu umevimba.

Tulipokaribia Kamukuywa gurudumu la nyuma likapasuka. Gurudumu la akiba nalo halikuwa na upepo, kwa hiyo Wafula akaliviringisha kwenda kutafuta fundi, na mimi nikavuka barabara hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi na njugu za kuchemsha. Wafula alikuwa amepita hapo kabla yangu. Mama yule aliponiona alisimama, akanipa kigoda chake, na yeye akaketi juu ya gunia. Aliniambia anaitwa Mama Khisa. Akaagiza chai na mandazi, akanimenyea na ndizi, kana kwamba mikono yangu ilikuwa imekatika.

Tuliongea kidogo kidogo. Akaniuliza kama ni mama mzazi, nikasema ndiyo, na mimi ndiye binti wa pekee. Akauliza kama hema ni kubwa.

"La watu wawili," nikajibu.

Akashtuka. "Wawili? Na nani?"

"Mimi na yeye. Nitalala naye humo humo."

Basi yule mama akaanza kulia. Alinishika mikono yote miwili, akasema binti kama mimi siku hizi hayuko. Kisha akanieleza kwamba mama yake walimzika kwenye mvua kubwa. Hawakupata hema. Wageni walikimbilia chini ya migomba, sanduku likabaki peke yake uani, na yeye akavua leso yake akalifunika, leso ndogo, haikufika hata nusu. Alisema bado mvua ikinyesha husikia ile sauti juu ya mbao. Nami nikaanza kulia. Nikamwambia pole, pole sana. Wanawake wengine wa pale sokoni wakaja mmoja mmoja kunishika mkono, nami nikawashika yao, nikidhani sote tunamfariji Mama Khisa.

Honi ikalia. Nilikuwa nimeshapanda na lori limeanza kuserereka Mama Khisa alipokuja mbio na kunisukumia kuku dirishani, mwekundu, amefungwa miguu.

"Ya kupikia waombolezaji!" akasema, na lori likashika kasi.

Kamukuywa hadi Kanduyi

Nilikaa na kuku mapajani, nikiyarudia maneno yale polepole. Kisha nikamwuliza Wafula waombolezaji gani.

"Si wa mama," akasema, macho barabarani.

"Mama yupi?"

"Mama yako. Si unampelekea hema?"

"Mama yangu ni mzima. Anangojea chai."

Wafula alisimamisha lori kando ya barabara. Akanitazama, akamtazama kuku, akauliza sasa kama mama ni mzima hema ni ya nini, bana. Hapo ndipo nikaelewa yote, ile kofia, ile redio, ile soda. Huku kwetu hema halifiki bomani kwa mtu bila msiba. Hata harusi nyingi hufanywa uani bila hema, lakini mazishi hayakosi. Mtu akiona turubai na nguzo zinaelekea kwa mama wa mtu, anajua kilichotokea. Mimi Mbukusu wa damu nilikaa Kitale na mume wa Nyeri hadi nikasahau mambo ya kwetu.

Tulicheka hadi kuku akaogopa. Halafu nikakumbuka mikono ya Mama Khisa, na kicheko kikanikauka. Nilimwomba Wafula tugeuze lori. Akasema mahindi lazima yapimwe Bungoma kabla ya jioni, lakini kesho kutwa anarudi Kitale na lori tupu, atanipitisha pale. Basi tukaendelea hadi Webuye, tukala viazi vitamu vya kuchemsha, na kutoka hapo Wafula aliwasha redio.

Kanduyi

Mama alikuwa mlangoni, ameinua uso kama anavyofanya siku hizi akisikia gari. Wafula alishusha hema, akamsalimia "mulembe," akamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, labda kwa kuhakikisha.

Tulilisimamisha pale pale uani. Mama akalizunguka lote akiwa ameweka kiganja kwenye turubai. Akaingia. Akafungua kitambaa chake, akakifunga upya akiwa amesimama wima, mikono haikugusa paa. Akaniambia nilale chini upande mmoja na yeye akalala upande wa pili, akanyoosha mkono kunitafuta. Vidole vyetu havikufikiana. Akasema nafasi inatosha, watu wawili wanaweza kuishi humu bila kugombana. Nilijisikia kuimba. Kisha akauliza nani amelinunua.

"Baba Wanjiru," nikasema, kwa majivuno.

Akainuka polepole, akapapasa mlango, akatoka nje.

"Basi hili ni paa la mkwe," akasema. "Limekunjwa tu."

Nilimweleza kwamba hema si nyumba, halina msingi. Akasema msingi wa nyumba ni mwenye nyumba. Nilimweleza kwamba mume wangu hana neno. Akasema anajua, mkwe wake ni mtu mwema, na ndiyo sababu hatamkosea heshima. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nilimwambia mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, kwamba ninaogopa. Kwamba ataamka siku moja asiione hata mvua ikija, awe peke yake katika nyumba hii iliyoinama, na mimi niwe Kitale nimelala kwenye godoro. Nikamwuliza kama atapofuka kwa sababu ya turubai.

"Heshima si utumwa, Nekesa," akasema, naye sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikiiacha hii leo, nitakuja kwako kama nani?"

Hatukusemezana tena jioni ile. Tulikula ugali na kunde, tukalala.

Asubuhi nilimkuta ameketi nje, kuku wa Kamukuywa karibu na miguu yake. Aliuliza huyu anayepiga kelele ametoka wapi, maana si wake. Nikamsimulia yote, chai, machozi, leso juu ya sanduku. Niliogopa atachukia kuliliwa akiwa hai. Alicheka kwanza. Ilipofika habari ya leso aliacha kucheka, akakaa muda akimpapasa kuku mgongoni.

"Huyu kuku alitolewa kwa matanga ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi ni wangu. Si wako, wala si wa mume wako. Mtafute mkwe wangu kwenye simu. Nataka kununua hema lake."

Tukaenda kwa jirani mwenye simu. Mama hawezi kuzungumza na mkwe wake ana kwa ana, na hata kwenye simu aliona haya, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa dalali. Nilimweleza Baba Wanjiru kwamba mama analitaka hema na anatoa kuku mmoja mwekundu. Nilijua atasema alichukue bure, mambo yaharibike. Nilikuwa natafuta namna ya kumkanyaga mguu kupitia simu.

Baba Wanjiru akasema, "Mwambie kuku mmoja ni kidogo. Hilo ni turubai la kweli. Alete wawili."

Sikuamini masikio yangu. Nikamfikishia mama. Mama akaketi wima kama msichana, akasema mwambie hilo hema linanuka panya. Baba Wanjiru akasema panya hakuuzwa, ameondoka. Mama akasema nguzo moja ina ufa. Baba Wanjiru akasema basi kuku mmoja na debe la viazi vitamu. Mama akasema viazi atavipika na mkwe atakula kwa hiari yake kama mgeni wa binti yake, lakini si kwenye bei. Wakavutana hivyo hadi jirani akaanza kutazama simu yake kwa wasiwasi. Mwishowe Baba Wanjiru akakubali kuku mmoja, akasema ameonewa.

Mama akanigeukia, uso umeng'aa. "Huyo ni mfanyabiashara kweli," akasema. "Asingebishana, ningejua ananihurumia."

Mume wangu ni mtoto wa wachuuzi. Alijua kitu kisichopatanwa bei hakijauzwa, kimetolewa tu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na mkitaka mwambieni.

Kurudi, kupitia Kamukuywa

Wafula alifika kama alivyoahidi. Mama aliketi kati yetu, kuku mapajani mwangu. Nilimwambia mama abaki garini, nitashuka mwenyewe kueleza. Akasema aliyeliliwa ndiye anayeshukuru.

Nilimshika mkono tukavuka barabara. Mama Khisa aliniona, akatabasamu kwa huzuni, akauliza tumezika salama. Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Mulembe, mwanangu. Mimi ndiye marehemu."

Ndizi zilianguka. Mama Khisa alirudi nyuma hadi akagonga kibanda cha jirani. Nilieleza haraka haraka, hema, macho, mkwe, yote kwa mkupuo, na wanawake wengine wakakusanyika tena, wengine wakicheka, wengine wakinitazama kama mwizi. Mama Khisa hakucheka. Alikuja akamgusa mama mashavuni, akamgusa mabega, akamshika mikono.

"Nimelia bure," akasema.

"Hukulia bure," mama akamjibu. "Mimi nilikuwa sijawahi kuliliwa na binti mwingine. Na kuku wako siwezi kukurudishia, nimeshanunulia nyumba." Akafungua leso yake ya mabegani, leso kubwa, mpya, niliyomletea mwenyewe, akamfunika nayo. Haikubakiza bega nje. Mama Khisa alikaa chini juu ya gunia lake, amejifunika hivyo katika jua kali, na hatukuweza kumwacha haraka. Wafula alipiga honi mara moja tu, kisha akazima injini akaja kunywa chai.

Nyumbani

Baba Wanjiru alikuwa amechimba mtaro wa maji uani na kusawazisha mahali pa hema. Alisimama mbali, karibu na ghala, kofia mkononi, kama nilivyomfundisha. Nikampelekea kuku. Akamkagua mbawa na miguu kwa makini, mbele ya mama, akanung'unika kwamba ni mdogo kuliko alivyoambiwa. Mama alikuwa anatabasamu akitazama upande mwingine. Kisha hema likasimamishwa, vitanda vikaingia, kigoda na beseni vikapata nafasi yake.

Basi hiyo ndiyo habari. Jumatatu tunampeleka kwa daktari. Sijafukuzwa. Nimealikwa kwa mama yangu, ambaye sasa ana nyumba Kitale, na kuingia kwake napiga hodi.

Lakini niwaambie la mwisho, maana ndilo ninalolifikiria hata nikiwa nawauzia watu sweta. Siku ile ya kwanza tulikaa ndani ya hema, mlango wazi, mimi nasimulia juu ya wajukuu. Jua likaanza kushuka, ikafika saa kumi. Nikauona mkono wa mama ukiteremka kando ya kitanda, ukitafuta viatu. Nikanyamaza katikati ya neno. Ulivipata, ukavishika kidogo. Halafu ukavisukuma chini ya kitanda, hadi ukutani, na mama akaniambia, "Endelea. Ulifika wapi?"